Steringi Akifa, Abaki Amekufa: Miisho ya Tamthilia Nilizozimaliza

Kuna watu huangalia tamthilia kwa ajili ya mapenzi, wengine kwa ajili ya mavazi na nyumba nzuri. Mimi naangalia nione itaishaje. Mtu akinisifia tamthilia, swali langu la kwanza ni hilo hilo: imeisha au bado inaendelea? Kama bado, namwambia anitafute ikiisha. Bando ni ghali, na sitaki kukeshea hadithi ambayo mwandishi wake mwenyewe hajui anaipeleka wapi.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulilishwa kanuni moja: steringi hafi. Anapigwa risasi ya bega, anajifunga kitambaa, anaendelea. Adui ndiye anayekufa, tena mwishoni kabisa, baada ya kuongea maneno mengi. Kwa filamu ya saa moja na nusu kanuni hiyo inatosha. Kwa tamthilia ya misimu mitano au sita haitoshi, na karibu kila mwisho ulionichefua ulinichefua kwa hilo: mtu aliyetakiwa kulipa hakulipa. Humu nafichua kila kitu. Kama kuna ambayo hujaiona na hupendi kusimuliwa, ruka aya zake.

Prison Break sidhani kama kuna mtu wa enzi za deki za DVD asiyeijua. Msimu wa kwanza, ulioanza 2005, ni kazi safi mno. Michael Scofield anajipeleka mwenyewe jela ya Fox River kumtoa kaka yake Lincoln aliyehukumiwa kifo, na ramani ya jela nzima kaichora mwilini kwa tatuu. Mpaka leo naikumbuka ile skrubu aliyoing'oa kwenye benchi la uwanjani, akaisaga taratibu mpaka ikawa ufunguo wa kufungulia choo cha selo yake. Skrubu moja, na unakaa umeshika roho kana kwamba ni bomu. Episodi 22, wakatoka, wakakimbia msimu mzima wa pili. Pale ndipo pa kushusha pazia. Lakini hapana, wakawarudisha jela, safari hii Panama, kisha wakaongeza msimu wa nne uliojaa usaliti juu ya usaliti, na 2009 Michael akafa. Tukaonyeshwa kaburi lake. Msimu ule sikuupenda, ila kifo kile nilikikubali: mtu aliyeanza kwa kujitoa kwa ajili ya kaka yake akamaliza kwa kujitoa kwa ajili ya mkewe Sara. Kimekamilika.

Mwaka 2017 wakamfufua. Kumbe yuko Yemen, gerezani, mzima wa afya, na tatuu mpya juu. Zikaja episodi 9 za kueleza alivyopona. Kwangu huo ndio mwisho mbaya kuliko yote niliyowahi kuona, kwa sababu haukuharibu msimu wake peke yake, ulirudi nyuma ukafuta kaburi. Ukirudia sasa hivi zile episodi za mwisho za 2009, watu wanamlilia mtu ambaye wewe unajua yuko hai. Machozi yote ya bure.

Dunia nzima inasema mwisho mbaya kuliko yote ni wa Game of Thrones, na matusi mengi inayopigwa inayastahili. Mwaka 2019 zaidi ya watu milioni 1 walitia saini mtandaoni wakitaka msimu wa nane urudiwe upya. Mimi sikutia, kwa sababu nina ugomvi tofauti na wao. Bran, yule kijana wa ukoo wa Stark, kupewa ufalme hakunisumbui. Daenerys, yule malkia mwenye madragoni, kuuchoma mji baada ya kengele za kusalimu amri kulia, hilo nalo nalielewa, maana msichana yule alikuwa anachoma watu tangu zamani, sema waliochomwa tulikuwa hatuwapendi. Ninachowadai ni kulipua kazi. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na episodi 10 kila mmoja, wa saba ukawa na 7, wa nane 6. Habari ya kumgeuza mtu kutoka mkombozi kuwa mchinjaji ilihitaji msimu mzima, wao wakaipa muda wa kunywea chai. Na kikombe chenyewe kilionekana: kwenye episodi ya nne kuna kikombe cha kahawa cha kisasa kimesahaulika mezani mbele ya Daenerys, kwenye ukumbi wa zama za mapanga na mashoka. Hiyo ndiyo maana ya bora liende.

Kumbuka tamthilia hii ilitushikaje. Ned Stark alikuwa ndiye steringi, sura yake ndiyo iliyobandikwa kwenye matangazo, na episodi ya tisa ya msimu wa kwanza wakamkata kichwa mbele ya binti zake. Kuanzia siku ile kila mtu uliyempenda ulimwangalia kwa wasiwasi. Sasa njoo kwenye vita vya usiku dhidi ya jeshi la wafu kwenye ngome ya Winterfell, episodi ile yenye giza ambayo nilivuta mapazia nikazima taa na bado sikujua nani anampiga nani. Sam kalala chini, maiti zimemlalia juu, analia. Brienne na Jaime wamebanwa ukutani. Taa zinawaka kesho yake, wote wapo. Kanuni ya kibanda umiza imerudi, steringi hafi, na kuanzia hapo mimi sikuwa na wasiwasi na mtu yeyote. Ukishaniondolea wasiwasi, mwisho uwe wowote tu.

Mama yangu haya hayaelewi kabisa. Yeye ni mtu wa Isidingo, ile ya Afrika Kusini iliyokuwa ikionyeshwa ITV, ambayo ilianza 1998 ikaja kukoma 2020. Ubaya wa Cherel kwake ulikuwa habari ya kila jioni, na hata siku moja hakuuliza itaishaje. Za Mexico nazo anazipenda kwa sababu iliyo kinyume: anajua fika zitaisha kwa harusi kanisani na adui kuwa kichaa au kufungwa. Nikimwambia huo mwisho umeshaujua, ananijibu, "Ndiyo maana naangalia kwa amani, mwanangu." Sina la kumjibu.

Breaking Bad wengi wanaipa kumi kwa kumi. Mimi naipa tisa, na ile moja nimeikata mwishoni. Mwalimu wa kemia, Walter White, anaambiwa ana saratani, anaanza kupika dawa za kulevya eti aiachie familia pesa. Mchuma janga hula na wa kwao, na hakuna tamthilia iliyouonyesha msemo huo kwa ukatili kama episodi ya 14 ya msimu wa tano, iitwayo Ozymandias. Shemeji yake Hank anapigwa risasi jangwani huku Walter akimwombea kwa pesa zote alizozichimbia pale. Anarudi nyumbani, mkewe anamshikia kisu, mwanawe anapiga simu polisi kumshtaki baba yake. Walter anasimama katikati ya sebule anawaambia, "Sisi ni familia!" Kwa nani? Hakuna aliyebaki upande wake. Kwangu tamthilia iliishia pale.

Lakini zilibaki episodi mbili, na katika ile ya mwisho, ya Septemba 2013, mzee anapata kila alichokitaka. Pesa zinapatiwa njia ya kumfikia mwanawe. Maadui wanafyekwa karibu wote kwa bunduki aliyoitega kwenye buti la gari. Jesse, kijana aliyekuwa akipika naye, anafunguliwa minyororo. Yeye mwenyewe anakufa kwa wakati wake, mkono juu ya mitambo aliyoipenda, muziki unapiga. Ni episodi tamu, siwezi kukataa, na lile alilomwambia mkewe Skyler, kwamba yote aliyafanya kwa ajili yake mwenyewe na aliyafurahia, ni sentensi iliyosubiriwa miaka mitano. Ila mtu aliyesababisha vifo vyote vile hakustahili siku nzuri namna ile. Alikufa, ndiyo, lakini alikufa kishujaa.

Naona waandishi wenyewe walilijua deni hilo, kwa sababu walikuja kulilipa kwenye Better Call Saul, iliyotoka 2015 hadi 2022. Hii ndiyo namba moja yangu. Ina mwendo wa kobe na wengi huikimbia msimu wa kwanza. Jimmy McGill ni wakili wa ujanja ujanja, anapendana na wakili mwenzake Kim Wexler, na polepole anageuka kuwa Saul Goodman, wakili wa Walter tuliyemjua kwenye Breaking Bad, yule wa suti za rangi kali. Bob Odenkirk na Rhea Seehorn wanaigiza mpaka unasahau kwamba hapa hakuna milipuko.

Mwishoni Saul amekamatwa, akiwa amejificha ndani ya pipa kubwa la taka. Anakabiliwa na kifungo cha maisha. Anakaa mezani na waendesha mashtaka, analia machozi ya uongo, anawatisha kwamba inamtosha mzee mmoja tu wa baraza amwamini, na anatoka na miaka 7 na nusu. Halafu juu yake anadai ice cream kila wiki! Hapo unacheka, unasema jamaa kashinda, steringi hafi. Kisha anasikia kwamba Kim tayari kakiri makosa ya upande wake, bila kulazimishwa na mtu. Siku ya hukumu anamwita Kim aje asikilize, anasimama mbele ya jaji, na badala ya kuendeleza uongo anasema ukweli wote: kwamba bila yeye Walter White asingefika mbali, na kwamba yeye ndiye aliyemfanyia ubaya kaka yake Chuck. Anaomba aitwe McGill, sio Goodman. Anapewa miaka 86.

Miaka 86, kutoka 7 na nusu, kwa hiari yake. Hakuna risasi hata moja. Kim anakuja kumtembelea, wanasimama ukutani wanachangia sigara moja kama walivyokuwa wakifanya zamani, picha nzima haina rangi isipokuwa kamwali kadogo ka kiberiti. Niliirudisha nyuma sehemu ile. Huyo mtu hakufa, atazeekea humo akioka mikate ya wafungwa, na amelipa zaidi ya Walter. Tamthilia hii iliteuliwa mara 53 kwenye tuzo za Emmy na haikushinda hata moja. Waamuzi wale wana kesi ya kujibu.

Money Heist sina mengi nayo. Wizi wa kwanza, ule wa kiwanda cha noti wa 2017, ulikuwa hadithi iliyokamilika. Ule wa benki ni nyongeza, na dhahabu kugeuka shaba iliyopakwa rangi ni ujanja wa kufurahisha ambao nilikuwa nimeshausahau kabla ya kulala.

Imebaki The Sopranos, na hii ndiyo inayonigombanisha na watu. Tony Soprano, bosi wa mafia wa New Jersey, yuko mgahawani na familia, 2007. Anachagua wimbo kwenye mashine. Mkewe anaingia, mwanawe anaingia, vinaletwa vitunguu vya kukaanga. Mwanamume mmoja mwenye jaketi anapita kwenda chooni. Nje, binti yake anahangaika kuegesha gari, anaingiza, anatoa, anaingiza tena. Kengele ya mlango inalia, Tony anainua macho, na skrini inakuwa nyeusi. Mwenzangu niliyekuwa nakaa naye aliinuka kuangalia swichi, halafu akaanza kumlaani jamaa wa dukani kwamba katuwekea kwenye flash faili lililokatika. Na siyo sisi tu, Wamarekani walipoiona mara ya kwanza walidhani televisheni zao zimekufa.

Mwenzangu anashikilia mpaka leo kwamba ni uvivu wa mwandishi, kwamba David Chase alikimbia kuamua. Mimi nasema aliamua. Mapema kwenye zile episodi za mwisho, Tony na shemeji yake Bobby wako kwenye boti ziwani wanavua samaki, wanaongelea kufa, na Bobby anasema ikikufika huenda hata husikii. Kwa hiyo weusi ule ndio risasi yenyewe, tumeipokea sisi pamoja naye, katikati ya wimbo. Anayetaka kunibishia aanze na sehemu ya boti, ndipo aje tuongee.