Vifaa vya kuhudumia bunduki ya kuwindia: kipi ununue kwanza

Ukiingia duka la vifaa vya silaha, au ukifungua tovuti yake, cha kwanza kuletwa mbele yako ni sanduku la plastiki lililojaa vipande: brashi za kila saizi, vijiti vya kuunganisha, vichupa vya mafuta, vitambaa. Bei yake ni ndogo na linaonekana limemaliza kila kitu. Ushauri wangu ni uliache hapohapo lilipo. Bunduki nzuri ya bolti, yaani inayofunguliwa na kufungwa kwa komeo la kuvuta kwa mkono, ikitunzwa hudumu vizazi, ndiyo maana Brno na Mauser za urithi bado zinafanya kazi Afrika Mashariki na bado zinapiga pale zinapoelekezwa. Zikiharibika, mara nyingi si kwa sababu ya risasi zilizopita ndani yake. Ni kwa sababu ya vifaa: mdomo wa mtutu umesuguliwa na ufito, vichwa vya skrubu vimechunwa na bisibisi ya kufungia swichi za umeme, darubini imekazwa kwa nguvu za mkono mpaka bomba lake likabonyea.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja. Kifaa kinachokuzuia usiiumize bunduki kinakaa juu. Kinachokurahisishia kazi tu kinakaa chini.

Namlenga mmiliki mwenye leseni anayesafisha, kulainisha, kukaza skrubu na kufunga darubini. Kwa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kwa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ukarabati wa silaha ni kazi ya mwenye kibali cha kazi hiyo. Kifyatulio kikileta shida, au mtutu ukihitaji kubadilishwa, mpelekee fundi huyo. Na kabla ya chochote kinachofuata hapa chini: toa magazini, vuta bolti, tazama chemba (nafasi ya risasi nyuma ya mtutu) kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zikae chumba kingine kabisa.

Nafasi ya 1: mdeki na bomba lake la kuongozea

Hapa ndipo pesa yako ya kwanza iende, na usibane. Mdeki, yaani ufito wa kusafishia unaoingia na kutoka ndani ya mtutu mara nyingi kuliko kifaa kingine chochote, unapaswa kuwa wa kipande kimoja. Ile ya alumini ya kuunganisha vipande vitatu ina kasoro mbili. Kwanza, kila kiungo kina ukingo mdogo unaokwaruza. Pili, alumini ni laini. Mchanga na masizi hujichimbia juu yake, na baada ya muda unakuwa unasafisha mtutu kwa msasa. Ya vipande ibaki kwenye gari la porini, kwa dharura ya kusukuma ganda lililokwama.

Kati ya mideki ya kipande kimoja, chaguo langu la kwanza ni Tipton ya nyuzi za kaboni. Haipindi kirahisi, uso wake haushiki uchafu, na mpini unazunguka kwenye beringi. Huo mzunguko ni muhimu kuliko unavyodhani: kitambaa kinatakiwa kifuate michirizi ya ndani ya mtutu, na mpini ukiwa mgumu kitambaa kitairuka badala ya kuifuata. La pili ni Dewey, chuma kilichovikwa nailoni. Wapo mafundi wasiotaka kusikia kingine, na nawaelewa; tatizo lake ni kwamba ukilikuta ganda la nailoni limechubuka, mdeki huo umekwisha kazi. Mideki hii miwili huuzwa kati ya dola 40 na 70 huko Marekani, kabla ya usafiri.

Kuna mtego mmoja wa kununua ambao hauandikwi kwa herufi kubwa kwenye paketi. Tipton ina uzi wa ndani wa 8-32, ule wa kawaida wa Marekani, kwa hiyo brashi nyingi zinaingia moja kwa moja. Dewey ina uzi wake wa nje wa 8-36, na unahitaji kiunganishi ndipo utumie brashi za wengine. Brashi za Uingereza za mtindo wa Parker-Hale nazo zina uzi wake tofauti. Ukiagiza mdeki kutoka nchi moja na brashi kutoka nyingine bila kusoma hilo, utapokea vitu viwili vizuri visivyoungana, na kurudisha mzigo Dar es Salaam au Mombasa si kazi ndogo.

Urefu: kwa mtutu wa inchi 24 hadi 26 chukua mdeki wa inchi 36 au zaidi, maana lazima upite pia kwenye chemba na nafasi ya bolti. Unene: ule wa kipimo cha .27 (upana wa tundu la mtutu kwa inchi) kwenda juu unatosha kwa .30-06, .375 H&H na hata .458. Ya .22 inataka mwembamba wake.

Bomba la kuongozea watu wengi huliruka, na hapo ndipo wanapokosea. Linaingia mahali pa bolti, linashika mdeki katikati ya mtutu, na pete yake ya mpira mbele inazuia dawa ya kusafishia isirudi nyuma. Dawa ikirudi nyuma inashuka kwenye kifyatulio, inachanganyika na vumbi, inaganda; nyingine inanywewa na mbao ya kitako mpaka inalainika na kugeuka nyeusi. Ukilitumia, safisha kutoka upande wa chemba, mdomo wa mtutu ukiinama kidogo, na ukifika mwisho usiburute brashi kurudi juu ya ukingo wa mdomo kwa pembe. Ukingo ule ndio mahali pa mwisho risasi inapogusana na mtutu. Ukiliwa upande mmoja, hata kidogo, risasi hutoka ikiwa imesukumwa pembeni, na hakuna darubini ya kurekebisha hilo.

Brashi na dawa nunua pamoja na mdeki. Brashi ya shaba nyeusi kwa masizi, ya nailoni kwa dawa ya kuyeyusha shaba, kwa sababu dawa hizo hula brashi ya kwanza pia. Hoppe's No. 9 iko sokoni tangu 1903 na kwa masizi ya baruti bado inatosha. Kwa shaba iliyoganda, Bore Tech Eliminator haina amonia na inakusamehe ukisahau, Sweet's 7.62 ya Australia ina nguvu zaidi, lakini isikae ndani zaidi ya robo saa. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu, bado kuna shaba. Ila hakikisha ncha inayoshika kitambaa si ya shaba tupu, la sivyo utakuwa unasoma rangi ya ncha yenyewe na kusugua mtutu uliokwisha safishika. Zipo zilizopakwa nikeli, zichukue hizo.

Kwa wakazi wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ongeza Ballistol, mafuta ya Kijerumani ya tangu 1904. Kipako chepesi juu ya chuma kila baada ya kushikwa na mikono yenye jasho, basi. Na anayepiga risasi za zamani za kijeshi, hasa za .303, ajue kwamba viwashio (sehemu ya risasi inayowasha baruti) vya wakati ule huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo haiyeyuki kwa mafuta. Inataka maji ya moto, kisha ukaushaji, kisha ndipo mafuta. Ukipaka mafuta juu ya chumvi, kutu itaanza chini yake.

Nafasi ya 2: bisibisi zilizochongwa sambamba

Chukua bisibisi bapa ya kawaida uitazame kwa ubavu. Imechongwa kama kabari: nyembamba nchani, nene kadiri unavyopanda. Ukiiingiza kwenye mfereji wa skrubu ya bunduki, ambao kuta zake ziko wima, inagusa juu tu. Ukikaza, inapanda. Ikipanda, inachuna kingo mbili za mfereji, na ikiteleza inachora mstari mweupe kwenye chuma cheusi ambao utauona kila siku ya maisha yako. Bisibisi ya bunduki kuta zake ziko sambamba, inajaza mfereji mpaka chini na upana wake unalingana na kichwa cha skrubu, wala haizidi.

Brownells, kampuni ya Iowa iliyoanzishwa 1939, inauza seti za Magna-Tip ambazo kwangu ndizo za kwanza: ncha nyingi za upana na unene tofauti, na ncha moja ikivunjika unanunua hiyo moja. Kuvunjika ni sifa yake, kwani heri ncha ivunjike kuliko skrubu ya Mauser ya mwaka 1950 ambayo huipati tena. Seti kubwa ya Wheeler yenye vipande 89 ni ya pili, nafuu kwa kila ncha, na ina ncha za Torx (zenye umbo la nyota) na za pembe sita zinazohitajika kwa darubini za sasa. Chapman inakuja ya tatu: seti ndogo, imara, inaingia kwenye begi la safari. Mwenye bunduki moja tu ya zamani yenye skrubu za mfereji na hana darubini, Chapman inamtosha kabisa.

Jaribio la dukani ni rahisi. Ingiza ncha kwenye skrubu, achia mkono, uisukume kidogo kwa kidole. Ikichezacheza, tafuta nyingine.

Nafasi ya 3: bisibisi ya kupima mkazo

Anayetumia .22 anaweza kuisubiri. Mwenye .375 H&H asiisubiri, maana mtikisiko wake hulegeza kila kilichokazwa kwa kubahatisha, na pete za darubini zikilegea utajua ukiwa tayari mbele ya nyati.

Wheeler FAT Wrench ndiyo ya kununua. Inapima paundi-inchi 10 hadi 65, sawa na nyutoni-mita 1.1 hadi 7.3, na bei yake mara nyingi ni chini ya dola 80. Fix It Sticks ni nzuri zaidi kwa msafiri, kwa kuwa kila kipimo kina kidhibiti chake kilichofungwa kiwandani, hakuna cha kurekebisha. Lakini bei inapanda haraka. Usinunue spana ya mkazo ya fundi magari ukitegemea itafika chini huko. Haifiki, na skrubu ya pete ya darubini inakatika kabla haijatoa mlio.

Skrubu za pete kwa kawaida hukazwa paundi-inchi 15 hadi 20 hivi. Maelekezo ya mtengenezaji wa pete na wa darubini ndiyo yanayotawala. Skrubu zinazoshika chuma kwenye kitako hufika 65 pale kitako kina nguzo za alumini ndani, lakini mbao tupu haivumilii hivyo, inabonyea. Kaza kwa zamu, kidogo kidogo, upande huu na huu, ukiangalia nafasi kati ya nusu mbili za pete ibaki sawa. Gundi ya skrubu iwe Loctite ya buluu, au ya zambarau kwa skrubu ndogo; nyekundu haifunguki bila moto. Ukimaliza, rudisha kipimo chini kabisa kabla ya kuiweka, ili springi isichoke.

Nafasi ya 4: kishikio cha mezani

Mikono miwili haitoshi kushika bunduki, mdeki na chupa ya dawa. Tipton Best Gun Vise inafaa kazi zote za nyumbani. Ya plastiki ya MTM ni nafuu na kwa kusafisha tu haina ubaya. Ukiwa na jiliwa ya chuma tayari na hutaki kuongeza gharama, ifunike meno kwa ngozi nene na ushike kitako, si mtutu, bila kukaza sana. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukuchongea vishikio viwili vya mbao vyenye mkato wa V, vikabandikwa kapeti, na kwa kusafisha vitakufaa vilevile.

Nafasi ya 5: panchi na nyundo ya shaba

Bunduki ya bolti ina pini chache, na nyingi huna sababu ya kuzigusa. Anayehitaji ni mwenye bunduki ya nusu otomatiki au ya .22 ya kufungua kila mara. Pini ya kuviringwa, iliyo wazi katikati, inataka panchi yenye kitone nchani. Panchi bapa huibonyeza mdomo. Nyundo iwe na uso mmoja wa shaba na mwingine wa nailoni.

Nafasi ya 6: kamera ya ndani ya mtutu

Teslong imeshusha bei ya kamera hizi mpaka mtu wa kawaida anaweza kununua ya waya na kuiunganisha na simu. Ina faida kubwa unaponunua bunduki iliyotumika: utaona kutu, shaba iliyoganda na nyufa mbele ya chemba kabla hujalipa. Ukiwa tayari na bunduki inayopiga vizuri, iweke mbali. Kila mtutu una alama za mashine, na picha iliyokuzwa mara nyingi huwafanya watu wasugue kitu kisichohitaji kusuguliwa.

Vya kuacha dukani

Geji za kupima chemba, zile za kupita na kutopita, zinaonekana rahisi na watu huzinunua. Lakini kuzitumia sawasawa kunataka bolti ivuliwe vipande vyake vya ndani, na jibu baya likitoka, dawa yake ni fundi mwenye leseni, ambaye geji anazo tayari. Kibano cha mtutu na spana ya kufungulia bolti za kizamani ni vya karakana yake pia. Risasi bandia za A-Zoom za kufanyia mazoezi ya bolti zinunue, tano za kipimo chako, lakini zihifadhi kwenye mfuko wenye rangi yake, mbali na risasi halisi.