Inveta nyepesi ya wati 1000: inafaa, ila si kwa friji

Inveta hizi za volti 12 (vifaa vya kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani) zinazouzwa Dodoma mjini hubebeka kwa mkono mmoja, na wateja wengi hudhani ni feki kwa sababu hazina uzito. Si feki. Transfoma ya hezi 50 (mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde) ya nguvu hiyo hudai kiini cha chuma chenye eneo la sentimita za mraba 36 hivi. Hizi zinatumia feraiti (kauri ya sumaku) kwa kilohezi 50, na sentimita za mraba 3 au 4 zinatosha. Masafa yamepanda mara 1000, lakini kiini hakipungui kwa kiasi hicho: chuma hubeba tesla 1.2 hivi (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), feraiti huwekewa 0.2 tu isichemke. Waya nao sharti uwe wa nyuzi nyembamba nyingi, maana kwa masafa hayo umeme hupita juujuu, kina cha milimita 0.3.

Kwa taa, runinga na kompyuta, nunua bila wasiwasi. Friji au pampu ya kisima kule Chamwino ni habari nyingine: mota ikianza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida, na mosfeti (swichi za kielektroniki za inveta) huungua kabla fyuzi haijakatika. Hapo chukua ile nzito, ya transfoma ya hezi 50. Vumbi la kiangazi huziba feni. Ipulize kila mwezi, betri ikiwa imechomolewa.