HandBrake au FFmpeg kwa video za PSP?

PSP, kifaa cha michezo cha mkononi cha Sony, ilitoka Japani Desemba 2004, na kioo chake cha pikseli 480×272 bado kinanipendeza kutazamia filamu nikiwa safarini. Kazi iko kwenye kubadilisha faili. Programu zinazofaa ni mbili, zote za bure.

HandBrake ina dirisha lenye vitufe. Unaburuta filamu, unachagua MP4, H.264 (mbinu ya kubana picha) yenye profaili ya Main, kiwango cha 3.0 na sauti ya AAC, kisha unapunguza upana hadi 480. Ninaipendea zaidi maandishi ya tafsiri: unayachoma juu ya picha kwa kubofya mara moja tu. Kwa asiyezoea kuandika amri, aanzie hapa.

FFmpeg haina dirisha, unaandika amri:

ffmpeg -i filamu.mkv -s 480x272 -c:v libx264 -profile:v main -level 3.0 -c:a aac -f psp filamu.mp4

Hiyo "-f psp" ndiyo inayonivuta upande huu. Inaliandika faili kwa muundo wa PSP yenyewe, jambo ambalo HandBrake haifanyi. Inataka mkondo mmoja wa picha na mmoja wa sauti, kwa hiyo video isiyo na sauti itakataliwa. Angalizo: filamu ya zamani ya 4:3 (umbo la televisheni za kale) itavutwa ionekane pana, basi weka 360x272.

Ukiwa na tamthilia ya vipindi 20, chukua FFmpeg. Amri moja ndani ya kitanzi (inayojirudia kwa kila faili) inamaliza folda nzima usiku ukiwa umelala. Asubuhi unanakili kwenye folda ya VIDEO ya Memory Stick, kadi ya kumbukumbu ya PSP.