Mipangilio ya kidhibiti cha NexStar+ kwa mtazamaji wa nyota aliye ikweta

Watazamaji wapendwa, karibuni. Kifaa nilichokishika mbele ya kamera ni NexStar+, kidhibiti cha mkononi kinachoendesha darubini za Celestron za jamii ya NexStar SE. Leo sitazungumzia darubini yenyewe wala ubora wa kioo chake. Nitazungumzia mipangilio iliyomo ndani ya kidhibiti, kwa kuwa ndiyo inayoamua iwapo darubini itakwenda moja kwa moja kwenye Zohali au itaelekea kwenye paa la jirani.

Kwa umbo, nakipa alama nzuri. Skrini ina mistari minne, mwanga wake ni mwekundu na hauyaumizi macho yaliyokwisha kuzoea giza, na kumbukumbu yake ina vitu zaidi ya 40,000 vya angani. Kinachonikera ni kwamba darubini za SE hazina saa ya ndani inayoendelea kuhesabu baada ya umeme kuzimwa, kwa hiyo kila jioni tarehe na saa huingizwa upya, na tarehe yenyewe huanza na mwezi. Sisi huku Uganda tumezoea kuanza na siku. Mtu akikusudia tarehe 5 Juni akaanza na 05, kidhibiti kitasoma tarehe 6 Mei, na kwa kuwa anga husogea takriban nyuzi 30 kwa mwezi ikitazamwa saa ile ile ya usiku, nyota ya kwanza itatafutwa mahali ambapo haipo. Saa nayo inataka uangalifu: saa mbili usiku huandikwa 20:00, kanda ya saa ni +3, na pale unapoulizwa aina ya saa, uchague Standard Time (saa ya kawaida), kwa sababu Uganda haisogezi saa zake mbele wala nyuma. Kosa la saa moja ni nyuzi 15. Kulinganisha nyota mbili, yaani kuielekeza darubini kwenye nyota mbili ili ijue anga ilivyokaa, kunaweza kuficha sehemu ya kosa hilo, lakini Mwezi na sayari hukokotolewa kutokana na tarehe uliyoandika, na Mwezi peke yake husafiri nyuzi 13 hivi kwa siku katikati ya nyota.

Mahali ulipo, mimi napendelea kupaandika mwenyewe badala ya kuchagua mji kwenye orodha. Kampala ipo longitudo 32°35' mashariki na latitudo 0°19' kaskazini. Wa Masaka na Mbarara wako upande wa kusini wa ikweta, hivyo wabadili herufi ya N iwe S, ingawa wakisahau, kosa lao ni dogo kwa sababu ikweta iko karibu nao. Herufi ya kuogopa ni ile ya mashariki na magharibi: ukiiacha kwenye W, kidhibiti kitaamini kwamba umeketi katikati ya bahari ya Atlantiki, nyuzi 65 kutoka ulipo.

Sasa tuje kwenye mpangilio ambao wengi hawaugusi kabisa, nami nauona kuwa wenye faida kuliko yote: fidia ya ulegevu wa gia, inayopatikana chini ya Scope Setup kwa jina la Anti-backlash. Meno ya gia huacha nafasi kidogo baina yao, kwa hiyo unapobadili mwelekeo, mota huzunguka kwa muda kabla bomba la darubini halijaanza kurudi. Hapa tupo Muyenga, Kampala, mchana, na nimeielekeza darubini kwenye mlingoti ulio juu ya kilima cha Kololo, upande ulio mbali kabisa na jua, maana kulitazama jua kwa darubini isiyo na kichujio maalumu ni kupofuka. Kasi ya mota nimeiweka 5. Ninabonyeza kulia, mlingoti unasogea; ninabonyeza kushoto, na tazameni, umesimama tuli kwanza, kisha ndipo unaondoka. Kusita huko ndiko tunakokuondoa. Naongeza thamani za azimuthi, yaani mhimili wa kulia na kushoto, chanya na hasi kwa kiasi kilekile: kwa 20 kusita kumepungua, kwa 40 mlingoti unaitikia papo hapo, na kwa 80 picha inaruka ghafla, dalili kwamba nimepitiliza. Kwa kutazama kwa jicho, thamani kati ya 20 na 50 kwa kawaida hutosha. Mhimili wa juu na chini hupimwa vivyo hivyo. Hata baada ya hapo, unapoweka nyota katikati wakati wa kulinganisha, malizia kwa vitufe vya juu na kulia tu, ili gia zishikane upande mmoja.

Ufuatiliaji wa nyota uache kwenye Alt-Az, yaani darubini kusogea juu-chini na kulia-kushoto. EQ North na EQ South ni za wenye kiegemeo cha mshazari, kinachoinamisha darubini ielekee ncha ya anga, pale nyota zinapoonekana kuzunguka, na kwetu ncha hiyo hulala kwenye upeo wa macho, mahali ambapo viegemeo vingi havifiki.

Lipo jambo moja ambalo hakuna mpangilio unaoliponya. Mshipi wa Orioni, zile nyota tatu zilizojipanga mstari, hupita karibu kabisa na utosi wetu, na darubini ya namna hii, kitu kikifika hapo juu, hulazimika kuzunguka karibu nusu duara kwa muda mfupi ili isikipoteze. Katikati ya Januari hali hiyo hutokea karibu saa tano usiku. Utazame saa moja kabla au saa moja baada, wakati mshipi uko nyuzi 15 kutoka utosini, na mota itafuata bila taabu.

Darubini ikianza kuzunguka ovyo au kidhibiti kikajiwasha upya, shuku umeme kwanza. Betri nane ndogo huisha upesi. Betri ya sola ya volti 12 ni bora zaidi, mradi ncha ya katikati ya plagi iwe chanya. Usikimbilie kurudisha mipangilio ya kiwandani, kwa kuwa hatua hiyo hufuta thamani za gia pamoja na mahali ulipopaandika. Zinakili kwenye karatasi, ndipo ubonyeze 0 kuthibitisha.