Kinga ya meno ya kuchemsha: miezi saba mdomoni mwangu

Jino langu la mbele lina kiraka. Ncha yake ilibaki kwenye sakafu ya ukumbi wetu wa mazoezi ya ngumi, Temeke, na wala haikuwa ngumi. Tulikuwa tunafanya spaa nyepesi, yaani kupigana kwa mazoezi, tukagongana vichwa, na kinga yangu ya meno ilikuwa imelala kwenye begi.

Ilikuwa kwenye begi kwa sababu ilikuwa mbovu. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 5,000, ile plastiki tupu wanayosema saizi moja inamtosha kila mtu. Haimtoshi mtu. Ili isianguke inabidi uing'ate muda wote, pumzi haipiti, na ikifika raundi ya pili unaitema mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, najua nguo isiyopimwa inavyokaa mwilini.

Baada ya jino kuvunjika nikarudi Kariakoo na 25,000, nikachukua ya kuchemsha. Hii ina matabaka mawili, la nje gumu, la ndani laini linaloshika umbo la meno yako ya juu. Muuzaji akanihakikishia kwamba nikiivaa sitaanguka KO, yaani kuzimishwa kwa ngumi. Dada, usimsikilize. Kazi yake ni kukinga meno, midomo na ulimi. Ubongo unalindwa na kukwepa.

Ya kuchemsha ya kwanza niliiua mwenyewe. Niliiacha ndani ya sufuria jikoni, mteja akaja kuchukua gauni, tukaanza kubishana kuhusu pindo. Niliporudi imejikunja kama ganda la muhogo. 25,000 nyingine ikatoka.

Safari ya pili nilitulia. Maji yakishachemka unayatoa motoni, unaitumbukiza kwa sekunde zilizoandikwa kwenye boksi, unaikung'uta, unaiweka meno ya juu. Unauma taratibu, si kwa hasira, huku vidole vinakandamiza mashavu na midomo kwa nje na ulimi unasukuma kwa ndani. Kisha unafyonza mate na hewa yote mpaka inate, halafu unaitumbukiza kwenye maji baridi. Jaribio langu ni rahisi: achama. Ikidondoka, rudia. Yangu ilishika, ila nyuma ilikuwa ndefu ikanitia kichefuchefu, nikaipunguza kidogo kwa mkasi. Hapo nilikuwa kazini kwangu.

Sasa napumua, na kocha akiniuliza kitu kwenye kona namjibu akaelewa. Mwezi uliopita nilikula kichwa kingine, palepale mdomoni. Mdomo ulivimba, kiraka hakikutikisika.

Kasoro zipo. Kifuniko cha kiboksi chake kilikatika wiki ya pili, nakifunga kwa lastiki ya suruali. Ukichelewa kuiosha inanuka, na ukiiosha kwa maji moto umeiharibu umbo. Mimi natumia mswaki, sabuni kidogo na maji ya bomba, halafu naianika kivulini. Upande wa kulia imeanza kuisha kwa sababu ndiko ninakosagia meno. Nadhani nitahitaji nyingine kabla ya mwaka kwisha. Rafiki yangu anayo ya kupimwa kwa daktari wa meno. Ni nyembamba, inakaa kama gauni la harusi, na bei yake ni mara kadhaa ya yangu. Mwenye nazo aende huko.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia dukani: kama unacheza ngumi za ridhaa, usinunue nyekundu. Haikubaliki ulingoni, refa atashindwa kuitofautisha na damu. Mimi nilipokwenda kununua ya kuchemsha ya pili nilichagua nyekundu kwa sababu ilipendeza, kocha akanirudisha siku hiyohiyo nikachukue nyeusi. Duka halibadilishi. Kwa hiyo ile nyekundu bado iko kwenye boksi lake, haijachemshwa, na kwa anayefanya mazoezi tu naiuza 15,000.