Mhuri wa Liège kwenye bunduki ya babu: tathmini ya makumbusho ya Grand Curtius

Watu wengi wa Lubumbashi wanaokwenda Ubelgiji kusalimia ndugu hufikia Brussels na kubaki huko huko hadi siku ya kurudi. Ninawaomba watenge siku moja, wapande treni ya kwenda Liège, safari ya saa moja hivi, wakatembelee makumbusho ya Grand Curtius katika barabara ya Féronstrée, karibu na mto Meuse. Humo mna idara ya silaha iliyoanza mwaka 1885 kama makumbusho ya peke yake, kisha ikaunganishwa na makumbusho mengine ya mji chini ya jina hilo mwaka 2009. Kwa upande wa bunduki, sijaona mahali pengine panapomfundisha mgeni kiasi hicho.

Hata jumba lina habari yake. Jean Curtius, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kuliuzia jeshi la Hispania baruti, alijijengea nyumba ile yenye kuta nyekundu mwanzoni mwa karne ya 17, kwa hiyo mgeni anakuwa ameingia katika mali ya baruti kabla hajaona bunduki hata moja.

Nilipelekwa na Baba Mdogo, aliyeishi Liège miaka mingi. Tulipofika aliniambia, "Usikimbilie zile zenye nakshi za dhahabu, mwanangu. Anza na mitambo ya kuwashia moto, ndipo utaelewa mengine." Nami nawapa wasomaji ushauri huo huo. Bunduki za kwanza ziliwashwa kwa utambi uliokuwa ukiwaka muda wote mkononi mwa askari. Zikafuata zile za gurudumu dogo la chuma linalosugua jiwe hadi litoe cheche. Kisha ikaja gumegume, ambayo jiwe lake hugonga bamba la chuma, cheche zikaanguka kwenye kisahani cha baruti, na moto ukapenya kwenye kitundu hadi ndani ya mtutu. Mwishoni mwa safari hiyo iko fataki, kikombe kidogo cha shaba kinachopasuka kikigongwa na nyundo, ambacho hakiogopi mvua kama kisahani cha gumegume.

Nilipokuwa nikiyatazama hayo nyuma ya vioo niliona jambo lililonigusa sana: Kiswahili tayari kina majina yake. Gobore, gumegume na fataki ni maneno niliyoyasikia kwa wazee nikiwa mtoto, na hakuna aliyeyatunga ili kutafsiri maandishi ya makumbusho. Tunayo kwa sababu bunduki zenyewe zilifika kwetu mabegani mwa watu wa misafara, zikaingia Bunkeya, mji mkuu wa Katanga katika karne ya 19, ambako Mfalme Msiri alizipokea pamoja na baruti kwa kutoa pembe za ndovu, shaba na watumwa. Mwalimu wa Lubumbashi anayewaonyesha wanafunzi misalaba ya shaba ya Katanga, iliyotumika zamani kama fedha, anawaonyesha nusu ya biashara ile; nusu ya pili nimeiona Liège.

Ninataka kueleza kwa urefu kidogo habari ya mhuri. Tangu mwaka 1672 Liège ina sheria ya kuijaribu mitutu kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na ule uliostahimili hupigwa chapa. Katika karne ya 19 chapa hiyo ilikuwa umbo la yai lenye herufi E, L na G pamoja na nyota ndogo, na mwaka 1893 ikaongezewa taji juu yake. Niliinama mbele ya mtutu mmoja hadi pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo, kwa sababu yai lile nililijua kwa vidole kabla sijalijua kwa macho. Babu alikuwa na gobore la gumegume alilorithi kwa baba yake, bovu, lisiloweza tena kufyatua chochote, na kazi yetu watoto ilikuwa kulipaka mafuta ya mawese lisiliwe na kutu. Karibu na kitako kulikuwa na alama ya mviringo, ambayo sote tuliamini ni jina la mwenye bunduki. Jioni ile nilimpigia simu Yaya, ndugu yangu mkubwa aliyebaki kijijini upande wa Bunkeya, naye akaisugua alama hiyo kwa kitambaa na kunitumia picha. Herufi ni tatu, nyota ipo, taji halipo. Mtutu ule ulijaribiwa kabla ya 1893, yaani miaka 17 au zaidi kabla ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kuanzishwa mwaka 1910.

Jambo hilo lilinifanya nirudi ndani siku ya pili ili kulinganisha tarehe. Mwaka 1889 kiwanda cha Fabrique Nationale kiliundwa Herstal, kando kabisa ya Liège, ili kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za Mauser, kila moja ikibeba masasi matano. Tarehe 2 Julai 1890 ukasainiwa Mkataba wa Brussels, uliosemwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa, nao ukazuia bunduki za kisasa zisiingizwe Afrika katika eneo lililo kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, lakini ukaacha mlango wazi kwa zile za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Mafundi wa Liège waliendelea kuziunda kwa ajili ya Afrika wakati majeshi ya Ulaya yalikuwa yameziacha zamani. Hata askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, walibebeshwa Albini, bunduki ya risasi moja moja iliyokuwa ya jeshi la Ubelgiji tangu 1867. Msiri aliuawa kwa risasi ya Kapteni Bodson, Mbelgiji wa msafara uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold, tarehe 20 Desemba 1891. Nilitembea mara tatu kutoka kwenye gumegume hadi kwenye Mauser, na kila mara nilihisi uzito wa umbali ule mfupi.

Ufundi wenyewe ni wa kustaajabisha, na sitaki kuunyima haki yake. Kuna mitutu iliyofumwa kwa tepe za chuma na chuma cha pua zilizosokotwa pamoja na kufuliwa motoni, hadi uso wake ukawa na mawimbi kama magamba ya samaki. Kazi hiyo iligawanywa nyumba kwa nyumba: huyu mtutu, yule kitako, mwingine nakshi tu.

Baba Mdogo alisimama kimya mbele ya FAL, bunduki ya Herstal iliyobuniwa na Dieudonné Saive. Mwaka 1961 alikuwa mtoto Kamalondo, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipopigana na wanajeshi wa Katanga mjini mwetu. "Sisi tuliokota maganda ya masasi yakiwa bado na joto," alisema, "tukayapulizia kama filimbi."

Vyumba vya vioo na vya sanaa ya dini nilivipitia haraka, ingawa kitabu cha Injili cha Askofu Notger kinastahili dakika zako kumi. Jumanne makumbusho hufungwa, na Jumapili ya kwanza ya mwezi hakuna kiingilio. Tenga saa tatu kwa silaha peke yake. Na kama kwenu kijijini kuna gobore la zamani, piga picha ya alama zake zote kabla ya kupanda ndege, kwa sababu mimi niliikumbuka ya kwetu nikiwa tayari nimesimama mbele ya kioo.