Mchuaji wa Ngamiani, anayekurudishia hela yako

Kwa wanaotafuta mchuaji Tanga mjini: kuna mama mmoja Ngamiani, kibao hana, ila pazia la kanga mlangoni na benchi la kusubiria utayaona. Mguu ni shilingi 10,000. Anatumia mafuta ya nazi aliyochemsha na karafuu, kwa hiyo utanukia pilau mpaka jioni.

Mikono anayo, lakini ninachomlipia mimi ni maswali yake. Natembeza mikate kwa baiskeli, Chumbageni hadi Raskazone, na vigimbi hunisumbua sana wakati wa joto. Nilipomwamkia tu akaniuliza, "Marahaba mwanangu. Msuli unakaza au unacheza?" Mimi nilidhani ni mamoja. Kumbe ukikaza, msuli mzima hujikunja ukawa mgumu, unauma, na kuulegeza kwa kutaka huwezi. Hapo hakimbilii kuchua. Anakunyoosha goti, anavuta vidole vya mguu polepole kuelekea kwako, anashikilia mpaka kigimbi kilegee, ndipo mafuta yanafuata. Maji ninywe njiani, anasema, nisingoje kiu.

Ukicheza ni nyuzi chache tu za msuli zinarukaruka, maumivu hakuna. Siku nyingine nilimpelekea ukope uliokuwa ukicheza. (Mama mkwe alishafagia uwanja, eti mgeni yuko njiani.) Yeye akauliza nalala saa ngapi na kahawa nakunywa vikombe vingapi. Mtu wa mikate anaamka saa tisa usiku, hesabu mwenyewe. Akasema nilale, nipunguze kahawa, na ukiendelea wiki kadhaa au nikiona kiungo kinaishiwa nguvu, niende kwa daktari. Hela yangu akanirudishia.

Nikiwa benchini aliletwa mtoto mwenye homa kali, anatupatupa mikono na miguu. Hakumpaka hata tone. "Hii si ya kuchua, ni degedege. Mlaze ubavu, msimtie kitu mdomoni, hospitali sasa hivi." Bajaji aliiita mwenyewe.

Kasoro zipo. Baada ya alasiri foleni haiendi, maana anapiga soga na kila mteja, na pazia ni moja kwa wanawake na wanaume, jambo ambalo mke wangu halitaki kulisikia. Ijumaa msimfuate kabla ya swala. Na vaeni msuli wa zamani, yale mafuta hayatoki kwa sabuni.